Sheria ya vita haikuulizi wamekufa wangapi

Jumatatu ya tarehe 5 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalianza kupigana ndani ya mji wa Kisangani. Jeshi la Uganda lilikuwa upande wa kaskazini, la Rwanda limeshika katikati ya mji, na kati yao mto Tshopo na daraja lake. Yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa washirika, kila moja likidai linalinda mpaka wake, kisha yakakosana yakiwa ndani ya nyumba ya watu. Kwa siku sita yalirushiana maelfu ya makombora juu ya mitaa yenye wakazi. Wenyeji wa Boyoma, kama wanavyouita mji wao, wana jina fupi la kipindi hicho: vita ya siku sita.

Miaka kumi baadaye, ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003 iliandika hesabu. Raia waliouawa Kisangani katika siku hizo ni kati ya 244 na 760, kutegemea nani alikuwa akihesabu. Majeruhi zaidi ya elfu moja. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa, na kanisa kuu la Notre-Dame, shule na hospitali zikaharibiwa.

Tazama pengo hilo, 244 na 760. Kati ya namba hizo mbili kuna watu 516 ambao hatujui kama walikufa kwa makombora, walikimbia wasirudi, au walizikwa uani na majirani bila daftari kufunguliwa. Kwa mfiwa, pengo hilo ni kila kitu. Kwa sheria ya vita, na hapa ndipo wengi hushtuka, karibu halina uzito wowote katika kuamua kama kosa lilitendeka.

Nalisema hili kwa sababu kila ninapofuatilia mabishano yetu kuhusu Gaza, Ukraine, Sudan au Goma, naona tunabishana kwa tarakimu. Mmoja analeta idadi ya maiti. Mwingine anamjibu kwamba ni vita, na vitani watu hufa. Wa tatu anauliza mbona hukusema kitu wale wengine walipouawa. Wa kwanza anaamini idadi ni ushahidi tosha. Wa pili anaamini vita ni kibali. Kisheria wote wawili wamepotoka, na cha ajabu ni kwamba kosa la yule wa kwanza, mwenye huruma, ndilo linalowafaa zaidi wenye mizinga. Akishaegemea idadi, kazi yao inabaki moja tu, kuitilia shaka idadi.

Tulimeze lililo chungu kwanza. Sheria ya vita haikatazi raia kufa. Inakataza kumlenga raia. Inakataza kupiga ovyo, yaani kutumia silaha au mbinu isiyoweza kumtenga askari na mwuza mihogo. Inakataza pia kulipiga hata lengo halali la kijeshi ikiwa madhara yanayotarajiwa kwa raia yamepita kiasi ukiyapima na faida ya kijeshi inayotarajiwa; hii ndiyo kanuni ya uwiano. Na inamwamuru mwenye silaha achukue tahadhari zote zinazowezekana kabla ya kupiga. Haya yameandikwa katika Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ya 1949. Kongo, Uganda na Rwanda zote tatu zilikuwa zimeshajiunga nayo miaka mingi kabla ya Kisangani kuwaka moto.

Kwa hiyo ukimuua raia mmoja kwa kumkusudia, umetenda jinai ya kivita. Ukiua kumi kwa kombora ulilolielekeza kwenye ghala la silaha, huenda hujatenda kosa lolote. Najua inavyosikika. Nami mara ya kwanza niliposoma kifungu cha 51 cha itifaki hiyo nilikirudia, nikidhani nimeruka mstari.

Neno la kuliangalia hapo ni “yanayotarajiwa”. Sheria imewekwa kwenye wakati ujao, na mfiwa anasimulia yaliyokwisha kupita. Jaji akiulizwa kuhusu kombora lililoua familia, hatakiwi kuanza na familia. Anatakiwa arudi nyuma, akae kwenye kiti cha kamanda dakika chache kabla ya amri kutolewa, na kuuliza: huyu alijua nini? Angeweza kujua nini kama angetaka kujua? Alitarajia kupata nini kijeshi, na alitarajia nani atadhurika? Kama mtu wa kawaida mwenye taarifa zile zile angeona madhara yatapita kiasi, amri ilikuwa haramu hata kama kwa bahati hakufa mtu. Kama asingeona hivyo, amri ilikuwa halali hata kama mtaa mzima umeteketea.

Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), umekaza uzi zaidi. Ili mtu afungwe kwa kosa hilo la uwiano haitoshi madhara kupita kiasi. Lazima yapite kiasi waziwazi, na mshtakiwa awe alijua. Isitoshe, kosa hilo limeandikwa kwa vita kati ya mataifa peke yake. Kwenye orodha ya makosa ya vita vya ndani ya nchi halimo. Kwetu huku, ambako vita vingi hutajwa kuwa vya ndani hata pale askari wa jirani wanapoonekana kwa macho, hili si suala la wanasheria pekee. Jina la vita linaweza kumpunguzia mtu shtaka.

Mfano wa jinsi kiti cha kamanda kinavyofanya kazi ni Kunduz, Afghanistan. Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2015, ndege ya kivita ya Marekani aina ya AC-130 iliishambulia hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka. Watu 42 waliuawa, wakiwemo wagonjwa na wahudumu. Shirika hilo lilikuwa limeshawapa wanajeshi vipimo vya mahali hospitali ilipo. Wale waliokuwa angani walidhani wanalipiga jengo jingine. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotangazwa Aprili 2016, ulikiri kwamba sheria za vita zilivunjwa, ila ukasema haikuwa jinai ya kivita kwa kuwa hakukuwa na kusudi. Watumishi 16 wa jeshi walipewa adhabu za kinidhamu. Hakuna aliyesimama kizimbani. Unaweza kukasirika, na nadhani unapaswa, lakini elewa vizuri ulipo mzizi wa hasira yako: aliyefyatua ndiye aliyejichunguza, na alichochunguza ni kilichokuwa kichwani mwake.

Majaji wenyewe wamewahi kutafuta kitu cha kupimika kuliko mawazo ya kamanda. Katika kesi ya jenerali wa Croatia, Ante Gotovina, kuhusu mizinga iliyopigwa mji wa Knin Agosti 1995, mahakama ya kimataifa ya jinai zilizotendeka Yugoslavia ya zamani ilichukua ramani na rula. Mwaka 2011 ilisema kombora lililoanguka zaidi ya mita 200 kutoka kwenye lengo halali la kijeshi ni dalili kwamba halikuelekezwa kwenye lengo hilo. Novemba 2012 jopo la rufaa, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, likaitupa rula hiyo na kumwachia huru Gotovina, ambaye alikuwa amehukumiwa miaka 24. Sioni kama mita 200 ilikuwa namba takatifu. Ila tangu hapo, kwenye kesi za mizinga mjini, tumebaki bila rula yoyote.

Turudi Kisangani, kwa sababu kuna jambo jingine ambalo mji ule unalianika kuliko vita vingine vyote ninavyovijua. Sheria hizi haziulizi nani mwenye haki ya kupigana. Mvamizi na anayejitetea wanabanwa na kanuni zile zile. Nia yake ni njema: kila jeshi duniani huamini linajitetea, na kama haki ya vita ingempa mtu ruhusa ya ziada ya kuua raia, wote wangejichukulia ruhusa hiyo. Lakini iweke kanuni hiyo juu ya daraja la Tshopo. Mwanasheria anatakiwa apime vifo vya wakazi wa mtaa na “faida ya kijeshi” ambayo Uganda ingeipata kwa kuisukuma Rwanda nje ya mji wa Kongo, au Rwanda kwa kuisukuma Uganda. Faida gani hiyo? Kisangani ni mji wa mto, wa viwanja viwili vya ndege na biashara ya almasi. Hakuna mpaka wa nchi yoyote kati ya hizo mbili ulio karibu na pale. Kwenye mzani wa sheria, hata hivyo, daraja ni lengo la kijeshi na mizinga ya adui ni lengo la kijeshi, na kila upande ungepewa nafasi ya kueleza jinsi ulivyopima.

Ndiyo maana ile methali yetu ya fahali wawili wapiganapo imekuwa ikinikera kila inapotajwa kuhusu Kongo. Inamfanya fahali asiwe na hatia, kama mvua. Nyasi zimeumia, basi, ndivyo nyasi zilivyo. Itifaki ya 1977, pamoja na mapungufu yake yote, imekataa kusema hivyo. Inamwambia fahali kwamba alikatazwa mapema, kwa maandishi, na kwamba jina lake liko chini ya karatasi.

Sasa, kama uwiano ni mlango mwembamba hivi, tuingilie wapi? Maoni yangu ni kwamba tumepoteza nguvu nyingi kwenye neno “uwiano” na kuisahau tahadhari, iliyo kwenye kifungu cha 57. Tahadhari ina maswali ambayo hayahitaji kufungua kichwa cha mtu. Ulihakikisha lengo lako ni la kijeshi? Ulichagua silaha gani, na ulikuwa na nyingine? Uliwaonya watu? Ulipoona hali imebadilika, ulisimama? Majibu yake huacha nyayo: amri zilizoandikwa, ramani, aina ya makombora yaliyookotwa, kumbukumbu za redio. Na la muhimu kuliko yote, tahadhari ina historia. Mtu anaweza kudai hakutarajia mara ya kwanza.

Kisangani haikuwa mara ya kwanza. Majeshi hayo hayo yalipigana humo humo Agosti 1999, raia wakafa. Yakapigana tena mwanzoni mwa Mei 2000, kwa silaha nzito, raia wakafa. Baada ya hapo yaliahidi mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba yataondoa askari mjini. Juni ilipofika, hakuna kamanda wa upande wowote aliyeweza kusema kwa uso mkavu kwamba hakujua mzinga unafanya nini kwenye nyumba za Kisangani. Alikuwa ameshafanya jaribio mara mbili. Hapo huhitaji kujua kama wafu ni 244 au 760. Unahitaji kalenda tu.

Kuna kisingizio kimoja kinachopendwa na majeshi yote, kwamba adui alijificha miongoni mwa raia. Mara nyingi ni kweli, na kujificha huko nako ni kosa. Ila kifungu kile kile cha 51 kimeshalijibu: kosa la mmoja halimwondolei mwenzake wajibu. Raia hageuki kuwa askari kwa sababu askari amesimama nyuma ya ukuta wake. Na palipo na shaka kama mtu ni raia au la, sheria inasema achukuliwe kuwa raia. Sijui kwa nini sentensi hiyo ya mwisho haisikiki redioni kila siku.

Je, Kisangani ilipata nini? Siku sita baada ya mapigano kukoma, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304 na kusema Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa fidia kwa vifo na uharibifu zilioufanya mjini humo. Maneno mazuri, yasiyo na tarehe ya kulipa. ICC ilikuwa haijazaliwa; mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Julai 2002, miaka miwili baada ya kombora la mwisho. Hadi leo hakuna mahakama ya kimataifa iliyomsimamisha kizimbani kamanda hata mmoja kwa siku zile sita. Njia ya jinai, ile inayopima kichwa cha mtu, ilifungwa kabla ya kufunguliwa.

Ilibaki njia ya taifa kulishtaki taifa, na hapo ndipo wafu walipoanza kuhesabiwa. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na tarehe 19 Desemba 2005 ikashinda. Mahakama ilisema jeshi la Uganda liliua raia, lilitesa, liliharibu vijiji, lilishindwa kutenganisha malengo ya kiraia na ya kijeshi, na lilishindwa kuwalinda raia lilipopigana na wengine. Haikuhitaji kumtaja mtu. Iliitaja nchi. Na tofauti na sheria ya vita yenyewe, mahakama hii iliweza pia kusema kwamba Uganda haikuwa na haki ya kuwepo pale hapo mwanzo.

Kongo iliishtaki Rwanda pia. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ile ile ilijitoa: Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake juu ya mambo hayo, na mahakama hiyo haiwezi kumhukumu asiyekubali kuhukumiwa. Kesi haikufika hata kwenye ushahidi. Makombora yaliangukia mtaa mmoja, wiki moja, juu ya watu wale wale. Ya upande mmoja yana hukumu, ya upande mwingine hayana.

Hesabu ya fidia ilichukua miaka mingine 16. Uamuzi ulitoka tarehe 9 Februari 2022, nami nadhani kila mwandishi wa habari wa ukanda huu angeusoma. Kwa matendo yote ya Uganda, yakiwemo ya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, Kongo ilidai watu 180,000 waliokufa na zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ikataka ushahidi, na Kongo haikuwa nao wa kutosha: vyeti vichache, orodha zisizo na majina kamili, fomu zilizojazwa miaka mingi baadaye. Hapo ndipo tunapoona gharama ya kuzika bila kuandika. Kwa Ituri, iliyokuwa imekaliwa kimabavu na Uganda, majaji waliugeuza mzigo na kuitaka Uganda ithibitishe kwamba madhara hayakutokana na uzembe wake. Kisangani haikupata nafuu hiyo. Mwishowe mahakama ilikadiria kwamba vifo ambavyo Uganda inawajibika navyo ni kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa jumla moja ya dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili.

Nilijaribu kugawa. Kama zile milioni 225 zingekuwa za waliokufa peke yao, kila mmoja angepata kati ya dola 15,000 na 22,500. Lakini ndani ya fungu hilo hilo wamo waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto walioingizwa jeshini na maelfu kwa maelfu waliohama makwao, kwa hiyo haigawanyiki. Kwa kulinganisha, ICC ilipotoa fidia mwaka 2017 kwa wahanga 297 wa shambulio la kijiji cha Bogoro, Ituri, lililomtia hatiani Germain Katanga, kila mmoja alipewa dola 250, na mahakama yenyewe ikaziita za ishara.

Uganda ilianza kulipa Septemba 2022, dola milioni 65 kwa mwaka kwa miaka mitano. Serikali ya Kongo iliunda mfuko wa kugawa fedha hizo, makao yake Kisangani. Kisha likaja la aibu. Septemba 2025 mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola milioni 19, fedha za mradi wa kujenga gereza Kisangani zilizochotwa kwenye fungu hilo la fidia. Mwenyewe alikana. Hata bila wizi, swali lingebaki: fedha za waliouawa na makombora zilipataje kuwa za gereza?

Mlango mwingine umefunguka karibu zaidi na sisi. Tarehe 26 Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda, na pingamizi la Rwanda likaanguka. Lakini kesi hiyo inahusu yanayodaiwa kutendeka Kivu ya Kaskazini tangu 2021. Kisangani haimo.

Kwa mujibu wa hukumu ya 2022, awamu ya mwisho ya Uganda inatakiwa kulipwa ifikapo tarehe 1 Septemba 2026. Kwa makombora yaliyorushwa kutoka upande wa pili wa daraja la Tshopo, hakuna aliyepanga awamu ya kwanza.